Tukiondoka Sote, Ardhi Itabaki na Nini?

Kila mara tunaambiwa kwamba watu wanaharibu ardhi. Tunakata miti. Tunachoma moto. Tunalima mpaka kwenye chemchemi. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mtu akiyasikia kila siku anaweza kujiuliza swali moja: Je, kama watu wote wangeondoka duniani, ardhi ingepona? Misitu ingerudi? Mito ingejaa? Wanyama wangerudi?

Swali hili si la mchezo. Ukilifikiri vizuri linakuonyesha mambo mawili. Kwanza, linakuonyesha kazi unayoifanya kila siku bila kuiona. Pili, linakuonyesha kitu ambacho utakiacha shambani mwako siku utakapoondoka.

Wala hatuna haja ya kubahatisha jibu. Watu wamekwisha kuondoka mahali pengi, na sisi tunaweza kwenda kutazama yaliyotokea.

TUANZE NA HAME

Hame ni mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama. Katika nchi yetu mahame ni mengi. Mwezi wa Novemba, 1973, Rais Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Familia nyingi ziliondoka mashambani walikokuwa wametawanyika. Waliacha nyumba zao, makaburi ya wazee wao na miti yao.

Tembelea hame lililoachwa miaka hiyo. Nyumba huioni. Lakini ukiwa na macho mazuri, utajua kwamba watu walikaa pale. Utaona shina la mianzi ya ulanzi pasipokuwa na mtu wa kuigema. Utaona mikaratusi imesimama mstari mmoja, na miti haijipangi yenyewe katika mstari. Utaona jiwe la kusagia. Utaona mahali ambapo majani yamestawi kuliko pengine. Hapo palikuwa na zizi au jaa la majivu.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalojifunza ni hili. Mtu akiondoka, ardhi hairudi siku ile ile kuwa kama ilivyokuwa kabla yake. Inaendelea na kile alichokiacha.

NYUMBA HUANGUKAJE?

Nyumba hukaa kwa sababu mtu anaitunza. Moshi wa jikoni hufukuza wadudu wanaokula nyasi na fito. Mama anakandika ukuta. Baba anaziba tundu la paa. Acha kazi hiyo, uone.

Nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi huanza kuvuja upesi. Maji yakiingia juu ya ukuta, udongo unalainika. Mchwa wanapanda kwenye nguzo. Baada ya masika machache, paa linaanguka ndani. Baada ya hapo ukuta unayeyuka na kuwa kichuguu kidogo cha udongo.

Nyumba ya matofali ya kuchoma na bati hukaa zaidi. Lakini bati nalo hushikwa na kutu. Misumari inalegea na upepo unalibeba. Mbegu ya mti inaangukia katika ufa wa ukuta. Mzizi ni laini unapoingia, lakini unanenepa kila mwaka, na ufa unapanuka. Hivyo mti unavunja ukuta ambao mtu angeuvunja kwa nyundo.

TUTEMBEE KUTOKA RAMADHANI HADI MAKAMBAKO

Sasa tufikiri kwamba watu wote wa Njombe wameondoka leo. Hakuna vita, hakuna ugonjwa. Wameondoka tu. Wewe peke yako umebaki kutazama. Tushike njia kutoka Ramadhani kwenda Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi. Tutaona nini?

Mwaka wa kwanza tutaona mahindi. Yamekauka shambani, hakuna aliyeyavuna. Mengine yameliwa na nyani, panya na ndege. Gunzi lililoanguka chini limeotesha miche mingi mahali pamoja. Miche hiyo inanyang'anyana chakula, na inadhoofika.

Mahindi ni mmea wa ajabu. Yalitoka Mexico, ambako watu walianza kuyachagua na kuyakuza miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Waliyachagua mpaka yakapata gunzi kubwa lenye maganda yanayofunika punje zote. Maganda hayo yanatufaa sisi, lakini yanaifunga mbegu ndani. Haipeperuki wala haitawanyiki. Ni lazima mtu aipukuchue na kuipanda. Kwa hiyo mahindi hayawezi kuishi bila watu. Misimu michache ikipita, katika bonde lote hutaona hindi hata moja. Mtu hutegemea mahindi, na mahindi humtegemea mtu.

Viazi mviringo vitaota kwa misimu kadhaa kutokana na vilivyosahauliwa ardhini. Kisha vitashindwa na ukungu na magugu. Miparachichi itasimama miaka mingi. Lakini mbegu yake ni kubwa, ndege hawezi kuimeza. Nyingi zitaota chini ya mti mama. Na miche hiyo haitazaa matunda kama ya mti uliobebeshwa.

Chai je? Wengi wetu tunaijua chai kama kichaka kinachofika kiunoni. Kumbe chai ni mti. Inakaa chini kwa sababu inachumwa na kukatwa kila mara. Iache bila panga na bila mchumaji, nayo itapanda. Mti wa chai unaweza kufika mita 10. Mashamba ya chai ya Njombe, yanayoonekana leo kama zulia la kijani, yatakuwa msitu wa giza.

Mwaka wa tano barabara ya lami itakuwa na nyufa. Maji yanaingia katika ufa, nyasi zinaota, udongo unakusanyika. Makaravati yameziba kwa sababu hakuna mtu wa kuyazibua. Masika moja yenye mvua nyingi yatakata barabara mahali pengi. Tukifika Makambako tutaona stesheni ya reli ya TAZARA. Reli hii ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Nyasi zimejaa kati ya mataruma. Chuma kinashika kutu. Hakuna gari moshi, hakuna muuza viazi, hakuna abiria.

Baada ya miaka 20 au 30 utaona jambo kubwa kuliko yote. Ni miti. Lakini tazama vizuri ni miti gani.

MITI ITAKAYOCHUKUA NCHI

Wengine watafikiri kwamba misitu ya zamani itarudi, ile yenye miti ya asili. Katika mabonde yenye maji, ambako msitu wa asili bado upo karibu, huenda ikawa hivyo. Ndege watabeba mbegu, na msitu utapanuka kidogo kidogo.

Lakini sehemu kubwa ya Njombe ina miti mingine. Kuna misindano, ambayo asili yake ni Mexico. Kuna mikaratusi, ambayo asili yake ni Australia. Tena kuna miwati, ambayo nayo ilitoka Australia. Kampuni ya miwati, TANWAT, ilianzishwa Njombe mwaka 1949 kwa ajili ya magome yanayotumika kutengeneza ngozi. Baadaye wananchi nao wakapanda mingi, kwa kuni, kwa mkaa na kwa kujengea.

Miti hii ni mali. Imesomesha watoto wengi na imejenga nyumba nyingi. Hatusemi ni mibaya. Lakini tunauliza: bila mtu itafanya nini?

Muwati huzaa mbegu nyingi zenye ganda gumu. Mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini miaka hata 50 zikiwa hai. Moto ukipita, ganda linapasuka, na miche inaota kama nywele. Mkulima wa Njombe anajua habari hiyo. Akikata miwati na kuchoma, asipopalilia, mwaka unaofuata anapata msitu mwingine mnene kuliko wa kwanza. Mbegu ya msindano ina ubawa mdogo, na upepo unaipeleka mbali.

Nchini Afrika Kusini miwati na misindano iliyotoroka mashambani imeenea sana kwenye milima na kando ya mito. Miti hiyo hunywa maji mengi kuliko nyasi. Mwaka 1995 serikali ya huko ilianzisha mpango mkubwa wa kuwalipa watu waikate, ili mito ipate maji.

Kwa hiyo tukiondoka sote leo, nchi ya Njombe haitarudi kuwa kama walivyoikuta mababu. Nyasi za mlimani zitafunikwa na miwati na misindano. Radi itawasha moto kila mwanzo wa mvua, kwa maana moto hauhitaji kiberiti cha mtu tu. Moto utaamsha mbegu za miwati. Tumepanda sisi, na miti itaendelea na kazi tuliyoianza.

WANYAMA NAO?

Wako wanyama ambao watatulilia. Wa kwanza ni chawa. Chawa wa kichwani haishi juu ya mnyama mwingine. Sisi tukiondoka, naye kwisha.

Kuku watakwenda upesi kwa vicheche, mwewe na paka mwitu. Ng'ombe wa maziwa aliyezoea kuletewa majani zizini atapata taabu. Ng'ombe wa kienyeji huenda akajitahidi zaidi, mpaka akutane na fisi na chui. Mbwa wengi watakufa, na waliobaki watawinda kwa makundi. Panya wa ghalani watapungua, maana ghala hakuna. Huko pwani kunguru weusi wenye shingo ya kijivu watapungua pia. Hao waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, na wanaishi kwa takataka zetu.

Lakini wengine watashangilia. Nguruwe mwitu, nyani, nungunungu na digidigi watajaza mashamba. Nyuma yao watakuja chui na simba kutoka upande wa Usangu na Ruaha, kwa maana mnyama hufuata chakula.

Habari ya simba inafahamika Njombe. Kati ya mwaka 1932 na 1947 simba wala watu walitisha sana wilaya ya Njombe. Bwana nyama George Rushby ndiye aliyeongoza kazi ya kuwawinda mwishoni. Huelezwa kwamba katika miaka hiyo wanyama wa porini walikuwa wamepigwa kwa wingi ili kuzuia ugonjwa wa sotoka usisambae kusini. Simba walipokosa swala na nyati, wakawageukia watu. Unaona, ndugu msomaji, ukiondoa kitu kimoja porini, kingine kinasogea.

WATU WALIPOPUNGUA KWELI

Mpaka hapa tumefikiri tu. Sasa tuangalie wakati ambapo watu wa nchi yetu walipungua kweli, na ardhi ikaachwa.

Yapata mwaka 1890 na 1891, ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini. Sotoka iliua ng'ombe wengi mno. Mahali pengine katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa. Nyati nao walikufa. Watu waliokuwa wakiishi kwa mifugo walikufa njaa. Ndui ikafuata. Kisha vikaja vita vya kupambana na Wajerumani. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyoletwa na vita hivyo, viliua watu wengi sana kusini mwa nchi.

Mashamba yakaachwa. Vichaka vikaota. Wanyama wa porini wakaongezeka tena. Je, nchi ilipona? Kwa macho ilionekana ya kijani. Lakini ndani ya vichaka alikuwamo mbung'o.

Mbung'o ni inzi anayenyonya damu na kuleta ugonjwa wa malale kwa watu, na nagana kwa ng'ombe. Mbung'o anahitaji vitu viwili: kivuli cha kichaka na damu ya mnyama. Zamani wananchi walikuwa wakilima, wakikata kuni na kuchunga. Kazi hizo zilifanya nchi iwe wazi, na mbung'o akakosa kivuli. Hawakumfukuza kwa dawa. Walimfukuza kwa jembe na kwa ng'ombe. Walipopungua, mbung'o alisogea mbele. Ikafika wakati mbung'o alikuwa ameenea katika theluthi mbili hivi za nchi. Hapa Njombe juu alishindwa kwa sababu ya baridi, lakini katika nchi za chini, zenye joto, alitawala.

Miaka ya 1940 serikali ya mkoloni iliwahamisha watu wengi wa Liwale kwa sababu ya malale. Maeneo waliyoyaacha yakaingizwa katika pori la akiba la Selous. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mgeni anayekwenda huko akaona pori tupu na tembo anaweza kufikiri kwamba hapakuwa na mtu tangu mwanzo wa dunia. Kumbe sehemu nyingine zilikuwa mashamba ya watu.

MAHALI PENGINE DUNIANI

Kuna miji pia iliyoachwa. Nchini Kenya, karibu na Malindi, kuna mji wa kale uitwao Gede. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti, nyumba za mawe na visima. Watu waliuacha katika miaka ya 1600. Msitu ukaingia. Mwaka 1948 mtaalamu James Kirkman alianza kufukua magofu yake. Leo mgeni anaona mizizi minene imekumbatia kuta, na kima wanaruka juu ya misikiti. Miaka zaidi ya 300 imepita, lakini kuta zipo bado.

Mahali pengine ni Chernobyl, katika nchi ya Ukraine. Tarehe 26 Aprili, 1986, kiwanda cha umeme wa nyuklia kililipuka huko. Kilitoa sumu isiyoonekana kwa macho wala kusikika kwa pua. Kesho yake watu karibu 50,000 wa mji wa Pripyat walipakiwa katika mabasi na kuondolewa. Hawakurudi kuishi tena.

Leo miti imeota katika ua wa nyumba za ghorofa. Mbwa mwitu, nguruwe mwitu na kulungu wakubwa wamekuwa wengi. Mwaka 1998 farasi wa porini walipelekwa huko, nao wakazaana. Wanyama wanaishi mahali pale penye sumu kwa sababu hakuna mtu wa kuwawinda wala kulima. Jambo hili linatutahayarisha kidogo. Lakini sumu haijakwisha. Sehemu yake moja kubwa hupungua kwa nusu tu kila baada ya miaka 30. Uyoga na nguruwe wa huko bado wanayo miilini. Watu wameondoka, lakini walichokiacha kingali kinafanya kazi.

KORONGO HALIZIBI UPESI

Turudi nyumbani, Kondoa. Nchi ya Kondoa ilikuwa imechimbwa na maji mpaka ikawa makorongo matupu. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Wafugaji waliumia, kwa maana ng'ombe ni benki yao. Lakini nyasi zilirudi. Vichaka vikarudi. Wengi walishangaa kuona ardhi iliyokuwa nyekundu imekuwa ya kijani kwa miaka michache.

Hapo tunajifunza kwamba ardhi ina nguvu ya kupona. Ipumzishe, nayo itajifunika. Lakini makorongo hayakuzibwa. Nyasi zilifunika kingo zake tu. Udongo uliokwisha kuchukuliwa na maji haukurudi kilimani. Udongo hutengenezwa polepole sana. Unene wa kidole kimoja huchukua miaka mamia. Mvua moja kubwa kwenye shamba lisilo na matuta inaweza kuuchukua kwa siku moja.

Kadhalika plastiki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni, 2019. Lakini iliyotupwa kabla ya hapo bado imo ardhini, na itakaa mamia ya miaka. Tukiondoka sote leo, anayechimba hapa baada ya miaka 200 ataikuta.

BASI JIBU NI NINI?

Ndugu msomaji, wengine husema ardhi bila watu ingekuwa bustani. Wengine husema ardhi bila watu ni pori la hatari tu. Mambo tuliyoyaona yanaonyesha kwamba wote wawili wamesema nusu.

Ardhi inaweza kuishi bila sisi. Haitatuita turudi. Lakini itaishi na kile tulichoiachia. Ukiiachia msitu wa asili kando ya mto, itaukuza. Ukiiachia miwati, itakuza miwati. Ukiiachia korongo, mvua italichimba zaidi. Ukiiachia sumu, itaitunza.

Tena tumeona kwamba kazi ya mtu si kuharibu tu. Watu waliozuia mbung'o kwa jembe walikuwa wakitunza nchi. Mfano mwingine ni Shinyanga. Miaka ya 1920 wananchi wa huko walifyeka mapori makubwa ili kumfukuza mbung'o. Ufyekaji uliendelea, pamba ikalimwa, mifugo ikaongezeka, mpaka nchi ikabaki karibu jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Mradi huo haukuwaondoa watu. Uliwarudisha watu kwenye desturi yao ya zamani iitwayo ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo wananchi wanakubaliana kuifunga wakati wa mvua, na kuifungua wakati wa kiangazi kikali. Mwaka 1986 zilikuwapo hekta zipatazo 600 za ngitili. Miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Kuni zikapatikana karibu. Ndege wakarudi. Na watu walikuwapo.

TUFANYE NINI HAPA KWETU?

Huku Njombe jambo hili linatuhusu sana. Vijana wengi wanakwenda Makambako, Mbeya na Dar es Salaam. Mashamba mengi yamepandwa misindano, na mwenye shamba yuko mbali. Wengine wameuza ardhi yote kwa watu wa mjini ambao hawajapata kulala hata usiku mmoja kijijini. Shamba kama hilo ni kama hame. Hakuna anayefyeka njia ya moto. Hakuna anayeng'oa miche ya miwati inayoshuka bondeni. Moto ukiwaka kwake, unaishia kwako.

Basi tufanye haya:

1. Tupande miti, lakini tusipande mikaratusi wala misindano kwenye chemchemi na vinyungu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka tusifanye shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pima hatua 80 ndefu kutoka ukingoni, utakuwa umepita.

2. Kando ya maji tuiache miti ya asili iliyopo. Kama haipo, tuipande. Bwana misitu ataonyesha inayofaa.

3. Ukikata miwati, rudi mwaka unaofuata ung'oe miche ingali midogo. Mche unang'oka kwa mkono. Ukisubiri miaka mitatu utahitaji shoka.

4. Ukiona korongo dogo shambani, liweke mawe, fito na majani leo. Korongo la magoti unaweza kulizuia wewe na wanao. Korongo la kumeza ng'ombe halizuiliki na kijiji kizima.

5. Mwenye shamba anayeishi mbali aachie mtu wa kulitunza, na serikali ya kijiji imjue mtu huyo kwa jina. Kila shamba la miti liwe na njia ya moto kabla ya kiangazi.

6. Kabla hujauza ardhi yote, kaa na mkeo au mumeo na watoto wenu. Ulizaneni: mnunuzi ataiacha katika hali gani?

Sisi sote tutaondoka, kila mtu kwa siku yake. Hakuna haja ya kungoja dunia nzima iondoke. Wajukuu wako watakapopita mahali ulipolima, watasoma habari zako hapo, hata kama hukuandika neno. Watakuta maji, au watakuta korongo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja hame moja lililo karibu na kijiji chenu. Ni mimea gani inayoonyesha kwamba watu walikaa hapo?

2. Kwa nini mahindi hayawezi kuishi bila watu? Taja mmea mwingine unaodhani uko hivyo.

3. Kwa nini mbung'o waliongezeka watu walipopungua?

4. Katika kijiji chenu ni mashamba mangapi ambayo wenyewe wako mbali? Nani anayatunza?

5. Nendeni pamoja kwenye chemchemi mnayoteka maji. Hesabuni hatua kutoka majini mpaka mti wa kwanza uliopandwa. Andikeni hesabu hiyo ubaoni, kisha muipeleke kwenye mkutano wa kijiji.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya njia za moto: namna ya kuzifyeka, upana wake, na wakati unaofaa.